Mkoba wa kazi wa mwanachuo wa ualimu: anza muhula wa kwanza

Wadogo zetu mnaoripoti vyuo vya ualimu hapa Tabora, mkoba wa kazi, yaani mkusanyiko wa kazi zako za kufundisha, si bahasha ya vyeti. Cheti kinasema umefaulu. Mkoba unaonyesha unavyofundisha na unavyojirekebisha, ndiyo maana haukusanywi wiki ya mwisho: rasimu zikishatupwa, hakuna cha kuonyesha.

Nunua boksi faili moja na mifuko ya plastiki kama 40. Mbele weka yaliyomo na wasifu usiozidi kurasa 2.

Moyo wa mkoba ni kazi 8 hadi 12, si zaidi, maana mkaguzi hasomi lundo. Kwa kila somo la mafunzo kwa vitendo weka pamoja andalio la somo kama lilivyotumika darasani, likiwa na masahihisho yake ya wino mwekundu, fomu ya mkufunzi aliyekukagua, na andalio lililorekebishwa. Kisha andika tafakuri ya nusu ukurasa. Hapa ndipo wengi huharibu: "Somo lilikwenda vizuri, wanafunzi walifurahia." Hayo hayamwambii msomaji chochote. Tafakuri yenye uzito husomeka hivi: "Darasa la 5, wanafunzi 62, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Wanafunzi 38 waliandika 1/2 + 1/3 = 2/5, wakajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kwa sababu nilitoa kanuni kabla ya kukata karatasi. Kipindi kilichofuata nilianza na karatasi." Kosa, idadi, sababu, hatua. Iandike jioni ileile. Ukilala, idadi zimeshapotea.

Usifiche somo lililoharibika. Likiwa na marekebisho yake, lina thamani kuliko matano yaliyonyooka.

Bango la kufundishia usilikunje. Lipige picha mchana, kivulini chini ya mwembe, rula ikiwa pembeni ili ukubwa uonekane. Kwenye madaftari ya wanafunzi funika majina, na sura zao zisionekane bila ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi.

Vyeti vikae nyuma, nakala tu. Cheti halisi usikipige laminesheni, kwani mhuri wa kugandamiza hauguswi tena. Linganisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Yakitofautiana, shughulikia hati ya kiapo mapema. Cheti chenyewe cha kidato cha nne kifuatilie pia, kwa kuwa matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hayakubali karatasi ya matokeo badala ya cheti.

Boksi lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta: mchwa hupandia hapo, na mvua za Novemba hupenya kwenye bati. Skani kila kazi kwa PDF, uipe jina lenye tarehe na somo, mfano 2025-03-12_Hisabati_D5, kisha ujitumie kwa barua pepe. Flashi iwe nakala ya pili na isichomekwe kwenye kompyuta ya steshenari, maana hurudi na virusi. Ukitaka kuchapisha, fungulia barua pepe palepale, na utoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka.