Ukimfundisha kamba vunjajungu ukiwa Bukavu, anza na shimo

Kila mwaka nikifika kwenye somo la krasteshia, yaani kaa, kamba na jamaa zao, lazima mwanafunzi mmoja ainue simu: "Prof, umemwona huyu?" Ni video ya kamba vunjajungu mwenye rangi za tausi anayepasua ganda la konokono kwa ngumi. Walimu wenzangu wengi wanaanzia hapo hapo. Ngumi iacheni kwanza.

Huyo wa kwenye video, Odontodactylus scyllarus, ni wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Guam. Hukaa chini ya miamba ya matumbawe, penye mchanga na vipande vya matumbawe yaliyovunjika, kina cha mita 3 hadi 40. Hapo huchimba handaki lenye umbo la U, naye hukua hadi kufikia sentimita 18. Jirani zake ni kaa, chaza na konokono, wote wamejifungia ndani ya maganda. Uliza darasa: chakula ndicho hicho, na wewe huna kisu wala jiwe, utakula vipi? Ngumi wataileta wenyewe.

Sasa toa hesabu. Mwaka 2004 mwanabiolojia Sheila Patek na wenzake walichapisha vipimo vya pigo hilo: mkono unakwenda mita 23 kwa sekunde, ndani ya maji. Vipimo vya baadaye vilionyesha nguvu inayofika newtoni 1,500, karibu uzito wa kilo 150. Msuli peke yake hauwezi. Msuli unavuta polepole, sehemu ya gamba yenye umbo la tandiko inapinda na kuhifadhi nguvu, komeo linaizuia, kisha linaachia ghafla, kama manati. Kasi hiyo huzalisha viputo vya mvuke majini, na vinapoporomoka ganda linapigwa mara ya pili. Hapa usiwe na haraka. Chora ubaoni hatua kwa hatua.

Kwenye macho, kuwa macho. Ni kweli ana aina 12 za vipokezi vya rangi, sisi tuna 3, na intaneti imejaa watu wanaosema anaona rangi tusizoweza hata kuziwaza. Lakini utafiti uliotoka mwaka 2014 katika jarida la Science ulionyesha kwamba kutenganisha rangi zinazokaribiana kunamshinda kuliko sisi. Mimi hilo nalifundisha kwa furaha kuliko ngumi yenyewe.

Bahari hatuna, ila kaa tunao. Pale Nguba, mtaa wa Bukavu kando ya Ziwa Kivu, watoto wanajua ni mawe gani ya ufukweni ya kuinua. Muweke kaa mmoja kwenye beseni yenye maji kidogo: atarudi kinyumenyume hadi ukingoni, atakunja magando mbele ya mdomo, na povu jembamba litaanza kumtoka. Wahesabu miguu: jozi 4 za kutembelea na jozi 1 ya magando, jumla 10. Kisha wachore kamba vunjajungu pembeni: miguu ya kutembelea ni jozi 3 tu, na mbele yake kuna jozi 5 za kukamatia, ya pili ndiyo yenye ngumi. Ndiyo maana hayumo kwenye kundi la kaa na kamba tunaowala. Yeye ni wa oda ya Stomatopoda. Kaa mrudishe ziwani kabla jua halijamkausha.

Swali litakalofuata nalijua: je, tukimleta Ziwa Kivu ataishi? Usilijibu wewe. Watataja chumvi ambayo ziwa letu halina kiasi cha bahari, watataja matumbawe, na aliyesoma vizuri atakumbuka kwamba kupita mita 60 hivi kwenda chini hakuna oksijeni. Msichana mmoja alitoa hoja ambayo sikuitegemea: mabuu wa huyu mnyama huelea baharini kwa wiki nyingi kabla ya kutafuta shimo, "sasa hapa, Prof, maji si yatawashusha tu mto Ruzizi?" Nikampa pointi zote.