Wagagai kwa siku 2 na raba miguuni? Soma hili kwanza

Ndugu, umeuliza kama siku 2 zinatosha kupanda Mlima Elgon, hapa Uganda, hadi kilele cha Wagagai kupitia mji wa Budadiri, na kama raba za mazoezi na jaketi moja vitakufikisha. Siku hazitoshi na raba hazifai. Mimi nilikwenda hivyohivyo, nikarudi nikitetemeka.

Naishi Mbale. Kila asubuhi miamba ya Wanale inaonekana juu ya mji, jua linawaka, na unaamini kule juu hali ni hiihii. Hapo ndipo nilipokosea. Wagagai ina mita 4,321. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua digrii 6 hivi, kwa hiyo kati ya soko la Mbale na kileleni kuna tofauti ya karibu digrii 20, bado hujahesabu upepo na mvua.

Tulikwenda Aprili, mimi na binamu yangu, mvua zimeshika. Nilivaa jinzi na fulana ya pamba. Njia ya kutoka Budadiri, iitwayo Sasa kwa jina la mto, huanza kwa upole, unapita kwenye migomba na mibuni, watoto wanakusalimia, unajiona una nguvu za kufika popote. Kisha yanakuja majabali ya Mudangi, unapanda kwa ngazi, halafu unaingia msitu wa mianzi. Siku ya kwanza tu unapandisha zaidi ya mita 1,600 hadi kambi ya Mto Sasa. Mvua ilitukuta kwenye mianzi. Tope la pale linateleza kama bamia. Raba yangu ya kushoto ilinasa humo nikaing'oa kwa mikono miwili.

Kambini nilishindwa kufungua zipu ya begi. Vidole naviona, lakini havishiki kitu. Mpagazi wetu, mzee wa Kigisu mwenye gambuti na koti la mvua lililochakaa, akalichukua begi akalifungua mwenyewe. "Mwanangu, vua hiyo suruali kwanza. Chai baadaye." Nikasita, naona haya kuvua mbele ya mzee. Akarudia kwa ukali. Kumbe humo ndani nguo zote zilikuwa zimelowa, kwa sababu sikuzifunga kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, hata moja. Mzee akanivisha sweta lake. Yeye alilala na lile koti tu karibu na moto, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi tukajikaza hadi pango la Mude, mita 3,500. Binamu akashikwa na kichwa, akatapika chai yote, akawa anayumba akitembea. Mwongozaji akasema tunashuka. Nilibisha, kilele kikiwa karibu hivyo na pesa nimeshalipa, naye hakunijibu. Alimshika binamu mkono wakaanza kuteremka. Alifanya sawasawa. Ugonjwa wa kimo, ule unaokupata ukipanda juu sana, dawa yake ni kushuka, na tulipofika tena Sasa binamu mwenyewe aliomba uji. Kwa hiyo kichwa kikikuuma huko juu, kiseme mapema. Usimfiche mwongozaji, nakuomba sana.

Nilirudi Januari mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, nikatumia siku 4: usiku mmoja Sasa, usiku 2 Mude, maana kutoka Mude kwenda Wagagai na kurudi ni kazi ya kutwa. Safari hii nilivaa gambuti kwenye tope, na nikabeba koti la mvua la kweli, glavu, kofia ya sufu na tochi ya kichwani. Nguo za kulalia na soksi nilizifunga ndani ya kaveera 2 na sikuzigusa mpaka niwe ndani ya hema. Jinzi niliiacha nyumbani. Kule juu nilikuta milobelia mirefu kunizidi, na kasoko, shimo la volkano, pana ajabu. Nilimbebea mzee sweta jipya.

Kama likizo yako haiongezeki zaidi ya siku 2, mimi ningekwenda Sipi, pembeni mwa mlima huohuo. Kuna maporomoko 3, kubwa lao lina takriban mita 100, na upande wa Kapkwai utapata njia za kutembea ndani ya hifadhi ya Mlima Elgon yenyewe ukarudi jioni hiyohiyo. Wagagai panga Januari, siku 4. Koti la mvua hata huko Sipi ulibebe.