Nimeteuliwa Kuwaongoza Walionizidi Umri: Je, Nijiuzulu?

SWALI

Assalaamu alaykum, Sheikh. Nina umri wa miaka 29, na miezi michache iliyopita niliteuliwa kuongoza kitengo cha watu tisa kazini. Sikuomba. Watatu kati yao wamenizidi umri, na mmoja wa hao ndiye aliyenifundisha kazi nilipoanza. Mwingine ni rafiki yangu wa siku nyingi. Naona haya kuwaagiza, kwa hiyo kazi isipofanyika naibeba nyumbani na kuimaliza mwenyewe usiku. Nikielemewa, nafoka. Wiki iliyopita nilimfokea mbele ya wenzake yule mzee aliyenifundisha, kwa sababu ya ripoti iliyochelewa, kisha ikabainika kwamba idara nyingine ndiyo iliyochelewesha takwimu. Tangu siku hiyo hanisemeshi ila kwa jambo la kazi. Nimesikia hadithi ya Abu Dharr kwamba uongozi ni majuto Siku ya Kiyama. Je, nijiuzulu? Uongozi hujifunzwa, au mtu huzaliwa nao? Na je, inafaa nihudhurie mafunzo ya uongozi ambayo hayakutayarishwa na Waislamu?

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu yangu, nianze na hadithi iliyokutia hofu, maana wengi wanaoisoma huishia katikati. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimwambia Abu Dharr (r.a.) kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto. Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu. Hadithi inaendelea: isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza wajibu uliomlazimu ndani yake. Wewe hukuomba. Katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwani akipewa kwa kuuomba ataachiwa nao, na akipewa bila kuomba atasaidiwa. Basi usikimbie msaada ulioahidiwa kabla hujautumia. Ukishajitahidi kikweli na ukaona kazi imekushinda, mweleze aliyekuteua bila kificho. Hilo nalo ni katika kutekeleza amana. Lakini hujafika huko. Kwa ulivyojieleza, ninachokiona ni mtu ambaye hajafundishwa.

Na kufundishwa kunawezekana. Ni kweli wapo waliojaaliwa. Al-Ashajj wa kabila la Abdul-Qays alisifiwa na Mtume (s.a.w.) kwa mambo mawili anayoyapenda Allah, ustahimilivu na kutofanya pupa, na katika riwaya ya Abu Dawud akaambiwa kwamba ni tabia alizoumbwa nazo. Sisi wengine tunazitafuta kwa jasho. Mtume (s.a.w.) amesema, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba anayejilazimisha kusubiri, Allah humpa subira. Maana yake subira huanza mtu akiwa hanayo. Anayekaa akingoja azaliwe upya ndipo aongoze vizuri atangoja sana.

Kuhusu mafunzo, nenda. Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyo na muhuri, naye akatengeneza pete ya fedha yenye muhuri. Riwaya hiyo ya Anas (r.a.) imo katika Bukhari. Ulikuwa utaratibu wa kazi wa watu wasiokuwa Waislamu, hauna shirki wala haramu ndani yake, akauchukua. Namna ya kupanga kikao, kugawa kazi, kumweleza mtu upungufu wake bila kumvunja moyo, haya ni ya aina hiyo. Ukifundishwa humo kuwahadaa watu au kuwatia hofu ili wazalishe zaidi, hilo liache hukohuko.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali lako, nacho ni hao waliokuzidi. Musa (a.s.) alipopewa ujumbe, yeye mwenyewe alimwomba Mola wake ampe Harun awe msaidizi, na akataja sababu waziwazi katika Surat Al-Qasas: ndugu yangu ana ulimi fasaha zaidi kuliko mimi. Wafasiri wanasema Harun alikuwa mkubwa kwake kwa umri. Tazama basi: Mtume katika mitume wakubwa anaomba awekewe kando yake mtu aliyemzidi umri na ufasaha, na anamwambia Allah hivyo bila kuona kwamba kumempunguzia chochote. Wewe umepewa watatu wa namna hiyo bila hata kuomba, na unawaona kama mtihani.

Kisha kikatokea kisa cha ndama aliyeabudiwa na watu wa Musa alipokuwa hayupo. Musa alirudi kwa watu wake akiwa na ghadhabu na huzuni, akamshika nduguye kichwa akimvuta kwake. Ghadhabu ile ilikuwa kwa ajili ya Allah, tofauti na nyingi za kwetu ambazo ni kwa ajili ya tarehe na sifa. Nataka uyaangalie maneno ya Harun katika Surat Al-A'raf. Kwanza alimwita kwa udugu: ewe mwana wa mama yangu. Halafu akatoa habari ambayo Musa hakuishuhudia: watu hawa waliniona dhaifu na wakakaribia kuniua. Kisha akaomba jambo ambalo kila mtu aliyefokewa hadharani analijua: usiwafurahishe maadui kwa yaliyonifika. Alichokiombea hapo ni heshima yake mbele ya watu. Na Musa aliposikia, hakuanza kutafuta hoja ya kujitetea. Alisema: Mola wangu, nisamehe mimi na ndugu yangu, na ututie katika rehema Yako. Alijitaja yeye kwanza.

Sitaongeza mengi juu ya kisa hiki. Mzee wako alikuwa na habari usiyoijua, na hukumpa nafasi ya kuitoa. Laiti ungeuliza kwanza. Nabii Sulayman (a.s.) alipomkosa hud-hud aliahidi adhabu kali, lakini akaweka mlango wazi: au aniletee hoja iliyo wazi. Ndege akaja na habari ya nchi ya Saba, naye akasema atachunguza kama ni ya kweli. Mfalme wa majeshi ya majini na watu alimsikiliza ndege, na hakumwamini wala kumkadhibisha kabla ya kupeleleza.

Huenda ukasema: nitawashauri vipi watu ambao hata nikiagiza hawafanyi? Hapa pana jambo ambalo viongozi wengi, wakiwemo wa misikiti yetu, hawalitazami vya kutosha. Aya ya 159 ya Surat Aal-Imran inamwambia Mtume (s.a.w.) kwamba ni kwa rehema ya Allah amekuwa laini kwao, na lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu wangemkimbia, basi awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao. Iliteremka baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Kabla ya vita Mtume (s.a.w.) alishauriana, na yeye alielekea kubaki Madina, lakini wengi, hasa vijana, wakataka kutoka. Akatoka. Kisha wapiga mishale 50 aliowaweka mlimani na kuwakataza wasiondoke, wengi wao wakateremka kuwania ngawira. Waislamu wapatao 70 wakauawa, na yeye mwenyewe akajeruhiwa usoni. Kwa mizani yetu, hapo ndipo kiongozi angesema: shura imetuponza, na watu hawa hawatii, kuanzia leo naamua peke yangu. Amri ya Allah ikaja kinyume: wasamehe, na uendelee kushauriana nao.

Lakini aya haikuishia hapo. Inasema: na ukishaazimia, mtegemee Allah. Katika tukio hilohilo la Uhud, kabla ya kutoka Madina, baada ya Mtume (s.a.w.) kuvaa deraa, waliopendekeza kutoka walijuta na wakasema tubaki. Akakataa, akisema haimpasi Nabii akishavaa vazi la vita kulivua mpaka apigane. Kwa hiyo kabla ya uamuzi sikiliza kila mmoja, na wale watatu wasikilize zaidi, ikiwezekana mmoja mmoja, kwa sababu mtu mzima hapendi kubishana na kijana hadharani. Uamuzi ukishapita, sema wazi nani anafanya nini na lini, usirudi nyuma kwa kunung'unikiwa. Kuona haya kwako kuwaagiza si adabu kwa wakubwa, hata kama kunafanana nayo. Mtume (s.a.w.) alimfanya Usama bin Zayd, kijana wa miaka ipatayo 18, kuwa amiri wa jeshi lenye maswahaba wakubwa. Waliposema watu, alijibu kwamba wanautia dosari uongozi wake kama walivyoutia dosari uongozi wa baba yake, na akaapa kwamba anaustahiki.

Na huyohuyo Usama, mpenzi wa Mtume, alipokwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumwombea mwanamke wa ukoo wa Bani Makhzum aliyeiba asiadhibiwe, alikataliwa kwa maneno makali. Hilo linatosha kuhusu rafiki yako. Mpende baada ya saa za kazi kama zamani, lakini zamu, likizo na tathmini yake ziwe kama za wengine.

Kazi za usiku ziache. Katika kuchimba handaki la kuilinda Madina, Mtume (s.a.w.) alibeba udongo pamoja na maswahaba mpaka vumbi likamfunika tumbo, kama alivyosimulia Al-Baraa (r.a.). Alichimba pamoja nao, hakuchimba badala yao. Unapomaliza kazi ya mtu kwa siri unamnyima nafasi ya kujifunza, unamficha mwajiri hali halisi, kisha unawachukia watu kwa mzigo uliojitwika mwenyewe. Heri umpe kila mtu anachokiweza. Aliyeoteshwa adhana ni Abdullah bin Zayd, lakini akaambiwa amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa bora. Hatukusikia kwamba Abdullah aliona amenyang'anywa chake.

Na agizo likigoma kabisa, kumbuka Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliwaambia maswahaba wachinje na wanyoe, akarudia mara tatu, hakuna aliyeinuka, kwa uzito wa huzuni waliyokuwa nayo ya kuzuiwa kuingia Makka. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama (r.a.), naye akamshauri atoke, asiseme na yeyote, achinje mnyama wake na amwite wa kumnyoa. Alipofanya hivyo, wote wakainuka. Wakati mwingine watu hawajakataa, wameelemewa tu, na wanahitaji kukuona ukianza.

Sasa nenda kwa huyo mzee kabla hujahudhuria mafunzo yoyote. Mwombe radhi faraghani kwanza, na umuulize ilikuwaje, hata kama unajua. Msikilize mpaka amalize. Kisha, kwa kuwa ulimfokea mbele ya wenzake, sema mbele ya haohao kwamba ulikosea, kwa sentensi moja au mbili, bila kuongeza kwamba ulikuwa umechoka. Asipolainika siku hiyo, usimlazimishe. Endelea kumtaka ushauri katika anayoyajua, na mwombee usiku, katika zile saa ulizokuwa ukimaliza ripoti za wengine.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.