Mamlaka ya Mzazi ni Amana: Niliyojifunza Baada ya Kubadilisha Tahasusi ya Binti Yangu

Binti yangu alipomaliza kidato cha nne alijaza fomu ya uchaguzi wa masomo ya kidato cha tano akiomba HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mimi, niliyekuwa nikiota daktari nyumbani tangu yupo chekechea, nilichukua namba yake ya mtihani, nikaingia kwenye mfumo usiku akiwa amelala, nikaweka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Majina yalipotoka alinifuata barazani akanionyesha simu, wala hakupandisha sauti: "Baba, kombi yangu imebadilika. Ni wewe?" Nikatoa jibu ambalo wazazi wengi tunalo mdomoni, kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Jibu hilo nimelichunguza tangu siku ile, na kila nikiligeuza naona linanielemea mwenyewe. Mtoto haombi kuzaliwa. Tunamleta sisi, kwa kupanga au kwa kutopanga, na anayemwingiza mwenziwe katika hali ya uhitaji bila kumuuliza ndiye mwenye deni. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alijenga hoja ya namna hiyo mwaka 1797. Jibu letu jingine, lile la "nakulisha", ni dhaifu zaidi, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inavihesabu chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu kuwa haki za mtoto, na mdaiwa hapati ukubwa juu ya anayemdai kwa kulipa deni lake.

Inabaki hoja moja ninayoiona ina miguu: mtoto hajaweza bado kujiamulia, na lazima awepo wa kumwamulia. Mdogo wa binti yangu alipokuwa na miaka mitano alikataa dawa mseto kwa kuwa ni chungu. Nilimpakata, nikamshika mikono, mama yake akamnywesha, naye akalia mpaka akalala. Sijutii. Hakuwa na uwezo wa kupima uchungu wa dakika moja na malaria. Lakini mamlaka yanayotokana na upungufu wa mtoto hayana budi kupungua kadiri upungufu wenyewe unavyokwisha, na hapo ndipo nilipokosea.

Sisi tuliokulia Tanga tumeisikia mara nyingi aya ya sita ya Surat An-Nisaa, inayowaagiza walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, wakiwaona wameongoka kiakili wawakabidhi mali zao, wala wasizile kwa pupa kabla wenyewe hawajakua. Nilizoea kuisikiliza kama habari ya mirathi. Siku hizi naona inanihusu mimi ambaye watoto wangu si mayatima, hasa katika neno lile la kuwajaribu: mlezi anatakiwa aachie kidogo, atazame, kisha aachie zaidi. Binti yangu alikuwa na miaka 17 na sikuwahi kumwachia hata achague saa za kujisomea.

Kwa hiyo nakushauri, mzazi mwenzangu, kabla ya kuamua ujiulize ni nani atakayekula matunda ya uamuzi huo. Nilipojiuliza kwa haki, PCB ilikuwa ya kwangu, nipate la kusema pale barazani. Mfano mzito zaidi ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya baba yake. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Ridhaa ya ndoa si kitu ambacho mzazi anaweza kumtolea mtoto, kwani atakayeishi ndani ya ndoa hiyo si yeye.

Kuna watakaonikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nakubali, na ile habari ya dawa mseto ni ushahidi wangu. Ila methali hiyo inamzungumzia mwana anayelia kwa kuzuiwa madhara, na binti yangu hakuwa akidhurika na Historia.

Nilimwomba radhi, jambo lililonigharimu kuliko nauli ya kwenda naye shuleni kumwomba mkuu wa shule ambadilishie, na nafasi ikapatikana. Mdogo wake sasa yuko darasa la sita, na simu bado naichukua saa tatu usiku. Nimemwahidi kwamba akiingia kidato cha kwanza tutakaa tuijadili upya saa hiyo, naye ameiandika ahadi yangu kwa kalamu ya wino nyuma ya mlango wa chumba chake, pamoja na tarehe.