Ua wa kupigia picha ndege Dar: anza na kijiti, siyo chakula

Mkuu, umeuliza uweke chakula gani ili ndege waje kwenye ua wako wa Tabata, mita 6 kwa 8, ukiwa na kamera ya kihisi cha APS-C (kidogo kuliko fremu kamili) na lenzi ya milimita 300. Chakula kiweke mwisho. Picha nzuri hupatikana pale ndege anaposubiri, siyo pale anapokula. Mnana, yule ndege wa njano, hashuki moja kwa moja kwenye mtama. Anatua juu kwanza, anageuza kichwa huku na huku kumtafuta paka, ndipo anateremka. Sekunde hizo mbili tatu ndizo zako, na kazi yako ni kumchagulia pa kutua.

Tafuta tawi kavu la mwarobaini au mpera, unene kati ya penseli na kidole gumba, ulichomeke kwenye ndoo ya mchanga ili uweze kulihamisha. Kaa mita 4 kutoka hapo. Kwa umbali huo fremu yako ina upana wa sentimita 31 hivi, kwa hiyo chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, anajaza kama theluthi moja, inatosha. Tawi likatize mbele yako, lisikuelekee: kwenye f/5.6 (kipimo cha uwazi wa lenzi) eneo lenye ukali ni takriban sentimita 4 tu, na ndege aliyekupa kifua mkia wake unaishia ukunguni. Ondoa vijiti vingine vya karibu na kamba ya nguo, la sivyo atatua huko.

Mita 4 zilizobaki ziwe nyuma ya tawi, tupu. Kosa la nyumba nyingi za Dar ni kuegemeza kila kitu ukutani. Tofali likipigwa na jua linang'aa kuliko ndege. Tundika neti ya kivuli ya kijani juu ya ukuta. Kitambaa cha kanga hakifai, madoa yake yanaonekana hata yakiwa ukungu.

Asubuhi kaa mashariki, jua likupige mgongoni. Kwa chozi hili halina mjadala: mng'ao wa dume unatokana na jinsi manyoya yanavyorudisha mwanga, siyo rangi ya kawaida. Mwanga ukitoka nyuma yake unapata ndege mweusi tu. Piga kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 3. Baada ya hapo vivuli vinakuwa vikali mno.

Kivutio kikubwa ni maji, hasa kiangazi. Sahani ya udongo ya sentimita 40, kina sentimita 2 pembeni na 5 katikati, yenye jiwe la kukanyagia. Juu yake ning'iniza chupa ya lita 1.5 uliyoitoboa kwa sindano chini, idondoshe tone moja kwa sekunde. Maji yatadumu kwa muda wa saa 8 hivi. Toboa na juu pia, hewa isipoingia matone yanakata. Sahani iwe mita 2 au 3 kutoka kichakani, paka asipate pa kujificha. Maji yamwage na sahani uisugue kila baada ya siku 2. Jiji hili lilipata mlipuko wa homa ya dengue 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda vyombo vya maji safi kama hiki.

Sasa chakula: kiganja kimoja cha mtama kwa mnana, kipande cha papai kwa shore na kuzumburu. Ukizidisha unafuga panya. Ugali na mabaki ya nyama usiweke kabisa, kunguru watateka ua wote na wadogo watahama. Mtama uweke ndani ya kizimba cha waya wa matundu ya sentimita 5. Mnana anapita, kunguru anabaki nje. Chozi mpandie haibiskasi na mgomba.

Shata (muda wa kihisi kupokea mwanga) anza na 1/1000 ya sekunde, chozi 1/2000, na ISO (usikivu wa kihisi kwa mwanga) iwe otomatiki. Mnana punguza mwanga theluthi mbili za stopu (hatua moja ya kipimo cha mwanga), njano yake inaungua haraka na mistari ya manyoya inapotea. Kama kuna dirisha linalotazama tawi, pazia lenye tundu la lenzi linatosha kukuficha. Ila kamera ikilala chumba chenye kiyoyozi, itoe nusu saa kabla ikiwa ndani ya begi lililofungwa, vinginevyo kioo kitajaa mvuke wakati ndege wameshafika.