Nina kilo 57: bado naweza kuwa joki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, ni saisi, mtunza farasi, kwenye shamba moja huku Usa River. Kupanda farasi najua. Nataka kuwa joki, mpanda farasi wa mashindano, kwenye mbio za thorobredi, wale farasi wa asili ya mbio. Nina kilo 57 na urefu wa sentimita 168. Rafiki aliyewahi kufanya kazi Nairobi ameniambia nishuke kwanza mpaka 50, la sivyo hakuna atakayenitazama. Siku hizi nakimbia mchana nimevaa majaketi mawili, na maji nakunywa kikombe kimoja tu kwa siku. Niendelee? Na hizo kilo wanazipimaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Majaketi vua leo, na maji kunywa.

Ulichopunguza mpaka sasa ni jasho. Mafuta ya mwili hayajaguswa, ndiyo maana ukishakunywa maji ya kutosha mizani inarudi palepale. Mtu wa kilo 57 akipoteza maji ya kilo moja na ushei, nguvu zinapungua na akili inachelewa kuamua. Thorobredi ana karibu kilo 500 na anapita kilomita 60 kwa saa, wenzake wakiwa ubavuni. Ukipata kizunguzungu hapo, unayeumia si wewe peke yako. Isaac Murphy, joki Mmarekani mweusi aliyeshinda Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za Marekani, mara tatu, 1884, 1890 na 1891, alihangaika na uzito miaka yote ya kazi yake na akafariki 1896 akiwa na miaka 35. Fred Archer, joki wa Uingereza, alikuwa mrefu, akijinyima chakula msimu hadi msimu. Hakufika miaka 30. Nakutajia hao kwa sababu wachache waliwafikia kwa kipaji, na bado mizani iliwatesa.

Sasa vipimo. Kila farasi hupangiwa uzito wa kubeba kwenye mbio, na namba hiyo si ya mwili wako peke yake. Kabla ya mbio unapanda mizani ukiwa na nguo, viatu na tandiko lako mkononi. Kwa kanuni za Uingereza helmeti na mjeledi havihesabiwi. Ukipungukiwa, vipande vya madini ya risasi vinawekwa kwenye kitambaa cha chini ya tandiko. Mbio zikiisha unapimwa tena, na uzito ukionekana umepungua, farasi wako anaweza kufutiwa ushindi. Madume wa Kentucky Derby hubeba kilo 57, tandiko likiwemo. Kwa hiyo wewe wa kilo 57, ukiongeza vifaa vya kilo mbili hivi, farasi wengi huwezi kupewa. Lakini 50 nayo siyo lazima. Kwa urefu wako mimi ningelenga 53 au 54, nusu kilo kwa wiki: makande yasiyo na mafuta mengi, mayai, mboga za majani, na dagaa usiwaache, maana majoki wanaojinyima huishia na mifupa dhaifu, na katika kazi hii kuanguka kupo.

Jambo ambalo rafiki yako hakukugusia ni miguu. Joki hakai kwenye tandiko. Anasimama juu ya rikabu, vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, zikiwa zimefupishwa, magoti yamekunjwa, mgongo umelala sambamba na shingo ya farasi, na mwili wake unabaki karibu usawa ule ule huku farasi akipanda na kushuka chini yake. Hivyo farasi anabeba uzito wako bila kuusukuma mbele na kuurudisha nyuma kila hatua. Mtindo huo ulipoenea mwishoni mwa karne ya 19, muda wa mbio ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7. Mbio za mita 1,200 huchukua sekunde 70 hivi, na za mita 2,400 dakika mbili na nusu. Jaribu kuchuchumaa hivyo chini, bila farasi, usikie mapaja yanavyowaka.

Anza hapo shambani, tajiri wako akiruhusu. Fupisha rikabu tundu moja moja, siyo yote siku moja. Hatamu zipishanishe juu ya shingo, kila mkono ushike zote mbili, kisha vifundo vya mikono vibane shingoni. Farasi akivuta, anavuta dhidi ya shingo yake mwenyewe, na mabega yako hayachoki. Ukiweza kwenda shoti hivyo dakika tatu bila makalio kugusa tandiko, wenye farasi watakusikiliza.

Uwanja wa mbio ulio karibu nasi ni Ngong, Nairobi, chini ya Jockey Club of Kenya. Usiende kuomba ujoki. Omba kazi ya kuwapanda farasi wa mbio kwenye mazoezi ya alfajiri: kazi hiyo haina masharti makali ya kilo, ina ujira, na mkufunzi wa farasi anakuona kila siku. Akikuamini ndiye anayekupa farasi wa kwanza. Huko Uingereza joki mwanafunzi hupunguziwa uzito farasi wake, karibu kilo 3 mwanzoni, na nafuu hiyo hupungua kadiri anavyoshinda. Ndiyo sababu wakufunzi hukubali kuwajaribu wapya.

Kabla ya kuvuka Namanga, muulize atakayekuajiri mambo mawili: nani analipa hospitali ukianguka, na kama helmeti na kizibao cha kinga utapewa au ununue. Asiyekujibu waziwazi, usimpandie farasi.