Alikunywa mafuta ya taa nikamtapisha, nimekosea?

SWALI: Habari dokta. Juzi mbwa wangu wa miezi 7 alikuta kopo la mafuta ya taa nimeliacha wazi akanywa, kiasi gani sijui ila mdomo wote ulikuwa unanuka. Nikachanganyikiwa, mtu akasema mpe maji ya chumvi, nikamnywesha kama kikombe kizima na akatapika kweli. Tangu jana anakohoa, anahema harakaharaka na chakula anakiangalia tu. Si sumu ilishatoka? Mwingine ananiambia ningempa maziwa.

JIBU: Acha kusoma kwanza, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, sio kesho. Kukohoa na kuhema hivyo baada ya mafuta ya taa ni dalili kwamba huenda yameingia mapafuni, na hiyo nimonia yake haisubiri.

Haya, tuje kwenye swali. Mafuta ya taa, petroli, thina, vyote hivi ni vyepesi mno, na hatari yake kubwa iko kwenye mapafu kuliko tumboni, sasa ukimtapisha unayarudisha mpaka kooni pale njia ya hewa ilipo, akivuta pumzi vibaya mara moja tu yameshaingia. Tindikali, dawa ya kuzibua sinki na betri nazo usitapishe kabisa, manake zimeunguza koo zikishuka na zitaliunguza tena zikipanda. Na mbwa anayesinzia, anayeyumba au mwenye degedege hata awe amekula nini usimtapishe, hawezi kulizuia tapishi lisiende mapafuni. Wale wa pua bapa kama bulldog na pug ndio kabisa.

Ile chumvi ndo imeniudhi zaidi. Ikizidi kwenye damu inanyonya maji kutoka kwenye ubongo, mbwa anaanza kutetemeka, degedege, na anaweza kufa kwa chumvi yenyewe. Maziwa nayo sio dawa ya sumu, kuna sumu zinazoyeyuka kwenye mafuta na maziwa yanazisindikiza tu mwilini.

Sisemi kutapisha hakufai. Kama kala chokoleti, zabibu au sumu ya panya, yuko macho vizuri na lisaa limoja mawili hayajapita, daktari anaweza kumchoma apomofini akatapika, na hata hapo haitoki yote. Hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 (ile dawa ya kusafishia vidonda) watu wanaipenda sana kwa kutapishia lakini inachubua tumbo, usimpe mpaka daktari akuambie kwenye simu kiasi gani kwa uzito wake (paka usimpe kabisa). Halafu hizi sumu za panya za kuzuia damu isigande ni za kuvizia, mbwa anacheza siku 3 mpaka 5 ndo aanze kuvuja damu, kwahiyo hata akitapika mpeleke tu, atahitaji kuangaliwa damu na pengine vitamini K1 ya kusaidia damu igande.

Siku nyingine mfute mdomo, shika kopo au pakiti mkononi, piga simu useme kala nini, saa ngapi, ana kilo ngapi.

Na leo ukifika usione aibu kutaja ile chumvi, daktari atataka kupima sodiamu (chumvi ya kwenye damu) kabla hajamtundikia dripu.